Aliyetangulia Kuitika

Siku hiyo Mdogo alifika kwenye mlango wa chumba cha mama yake, akaukuta wazi na mama ameshasalimiwa.

"Mkubwa kaingia sasa hivi," mama alisema. Uso wake ulielekea mlangoni, ingawa macho yake hayakuona kitu tangu kisukari kiyachukue. "Kaniambia amechoka, tutaongea kesho. Mbona leo mmepishana?"

Mdogo alibaki amesimama na ufunguo mkononi. Ndiyo kwanza anatoka kazini, viatu bado vina vumbi la barabarani, na jua halijazama. Kaka yake Mkubwa alikuwa na miezi mitatu chini ya udongo.

Tusizungushane, maana uongo uliomo humu unatosha. Mkubwa alifia mji wa mbali alikopelekwa na kazi. Moyo ulisimama akiwa anafunga mkoba wake arudi nyumbani. Mdogo na shangazi yao walikwenda, wakamzika huko huko, wakarudi. Mama hakwenda wala hakuambiwa, kwa sababu moyo wake yeye uliendeshwa kwa vidonge, na daktari alishaonya kwamba mshtuko mmoja unaweza kuuzima. Ndipo shangazi, dada wa marehemu baba yao, mwanamke aliyezoea kukata maneno, akakata na hili: "Tusimwambie kwanza." Hilo "kwanza" sasa lilikuwa limefikisha miezi mitatu.

Tatizo lilikuwa jioni. Mkubwa alikuwa na desturi yake. Akirudi alikohoa kidogo, akagonga mlango wa mama mara tatu kwa pete yake ya fedha, kisha akaingia kumtania. Mama alizingojea zile kelele tatu kuliko alivyongojea chakula. Na Mdogo, tangu utotoni, alijua kuigiza sauti ya kaka yake; alikuwa akipokea simu zake na kutukanwa kwa makosa yasiyo yake, nyumba nzima ikacheka. Kipaji hicho ndicho kilichomponza. Kila jioni alisimama nje ya mlango uliofungwa, akagonga mara tatu kwa ufunguo, akakohoa, akanenepesha sauti na kusema maneno manne, hayo hayo kila siku: "Nimerudi, mama. Nimeshakula. Nimechoka, tutaongea kesho. Lala salama." Halafu alirudi ukumbini kwa kunyata, akavuta pumzi, akaja tena kwa miguu yake mwenyewe na kuuliza kama dawa zimemezwa. Mambo yote yalikwisha kabla birika halijachemka.

Sasa nani alikuwa ametangulia kuyasema?

Jikoni, shangazi aliacha kumenya viazi. "Leo umewahi," alisema.

"Nimeingia sasa hivi, shangazi."

"Usinifanye mtoto. Nimekusikia ukigonga nikiwa hapa hapa."

"Mimi sijagonga."

Shangazi alimtazama, kisha akautazama ukumbi mtupu nyuma yake. Alishusha sauti. "Basi mama yako kaota. Na mimi nimeota naye. Kaa ule."

Aibu ya Mdogo, ambayo hakumwambia mtu kwa muda mrefu, ni hii: aliogopa, ndiyo, lakini chini ya woga huo alijisikia ametuliwa mzigo. Jioni hiyo hakulazimika kuigiza. Alikula viazi vyake akalala.

*

Kazini alikuwa na balaa jingine, nalo alilipa muda wote ambao hakuupa nyumba.

Ndugu hawa wawili walikuwa waandishi wa programu za kompyuta. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya pili, nyuma ya hospitali: meza mbili, kompyuta mbili, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza upepo. Sweta la Mkubwa lilikuwa bado kwenye kiti chake. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu wiki ile ile aliyozikwa, maana asiyekuwepo na lake halipo.

Kazi yao kubwa ilikuwa programu ya benki ya damu. Programu namna hiyo huandikwa kwa vipande, kila kipande faili lake na jina lake, na kipande kimoja kikihitaji kazi ya kingine hukiita kwa jina. Mafundi huviita moduli. Moduli iliyojua habari za kila mfuko wa damu, umetolewa lini, unaisha muda lini, unafaa au haufai, ilikuwa ya Mkubwa, kazi ya miaka saba, na kwa utani aliipa jina lake la nyumbani: mkubwa.

Hospitali iliomba orodha mpya ya tarehe za kuisha muda. Mdogo akaiandika. Orodha ikamwita "mkubwa" impe tarehe, na kioo kikajibu kwa herufi nyekundu: moduli "mkubwa" haina sifa "tarehe", yaani ndani yake hakuna kitu cha jina hilo.

Uongo mtupu. Mdogo alifungua faili la kaka yake, kitu ambacho kilimuuma kama kufungua sanduku la nguo zake, na "tarehe" ilikuwemo, mstari wa mia nne na kumi na mbili, na juu yake Mkubwa ameandika kijineno cha utani: Mdogo, hapa usiguse, utatuua. Ipo. Akaomba tena. Haina. Alisahihisha kisichokuwa na kosa, akaondoa programu na kuipakia upya, akazima mashine na kuiwasha. Siku ya kwanza alilaumu mashine, siku ya pili akajilaumu mwenyewe, na siku ya tatu akaanza kumlaumu marehemu.

Siku ya nne Mama Maabara alipanda ngazi. Huyu ndiye aliyeshika funguo za majokofu ya damu, mwanamke mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Aliweka mfuko wa damu mezani, juu ya karatasi zake.

"Fundi, soma hapo."

Mdogo alisoma. Mfuko ulikuwa umepita muda wake kwa siku sita.

"Sasa uliza mashine yako."

Aliiuliza. Kioo kikasema: unafaa.

"Unafaa," Mama Maabara alirudia. "Wa jana pia ulifaa. Hata nikimwaga uji kwenye mfuko, mashine yako itasema unafaa. Macho yangu ndiyo yaliyouzuia mlangoni, na macho yangu yana miaka hamsini na saba. Enzi za Fundi Mkubwa..." Alikatiza. Alitazama lile sweta, akauchukua mfuko wake. "Pole, mwanangu. Lakini tengeneza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kitakachokuumbua si chako."

*

Nyumbani mambo yaliendelea kukomaa.

Kila jioni Mdogo alifika akakuta ameshatanguliwa. Mama alianza kula vizuri. Aliomba kanga yake nzuri, akaomba asukwe nywele. Ukumbini kukawa na harufu ambayo shangazi alipigana nayo kwa sabuni na ndimu bila kuishinda, harufu ya udongo mbichi na waya ulioungua, na ilizidi karibu na mlango wa mama. Shangazi akahamisha godoro lake jikoni.

"Mdogo," alimnong'oneza, akamshika mkono kwa vidole vya baridi. "Leo nilichungulia. Nilisimama pale nikautazama mlango kwa macho yangu. Hapakuwa na mtu. Na mlango ulikuwa unagongwa."

"Tutafanya nini?"

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema tusimwambie."

"Na wewe ndiye uliyejitia kuigiza!" Shangazi aliziba mdomo wake mwenyewe, akatazama ukumbini. "Polepole. Kinasikia."

Hawakufanya kitu. Zilipita siku tisa tangu jioni ile ya kwanza. Tuwahurumie tukitaka, lakini tusiwasafishe: mama alikuwa anacheka, dawa zilimezwa bila ugomvi, na Mdogo hakulazimika tena kusimama mlangoni na kumfufua ndugu yake kwa dakika mbili. Kitu kibaya kilikuwa kinawafanyia kazi yao, nao wakakiacha.

Siku ya kumi mama alimwita Mdogo wakati anapita.

"Siku hizi Mkubwa anaingia," alisema. "Hadi juzi juzi alikuwa anaishia mlangoni. Sasa anaingia, anakaa."

"Anakaa wapi, mama?"

"Wapi tena? Kwenye kiti chake."

Kiti cha mbao kilichokuwa daima ukutani sasa kilikuwa kando ya kitanda, kimegeuzwa kumwelekea mama, na mto wake ulikuwa umebonyea katikati.

Kesho yake Mdogo alifunga ofisi mapema, akarudi saa kumi na moja, jua bado liko juu ya mapaa. Alivua viatu nje. Alijibanza mwisho wa ukumbi, nyuma ya pazia la stoo, akangoja. Shangazi alikuwa jikoni na redio imezimwa. Mwanga wa dirishani ulikuwa mwekundu sakafuni, nyumba ilikuwa kimya, na harufu ikaja kwanza, udongo na waya, ikipita mbele ya pazia taratibu, na baada ya harufu zikaja kelele tatu kama za pete juu ya mbao, pete ambayo Mdogo mwenyewe aliiacha kidoleni mwa marehemu siku ya maziko kwa sababu haikutaka kutoka, kisha kikohozi, na mlango ukajifungua bila kitasa kushuka, na kiti kikalia kama kinavyolia kikibeba mtu mzima, na sauti ikasema Nimerudi, mama, na mama akasema karibu baba, na sauti ikasema Nimeshakula, na Mdogo, aliyekuwa ameng'ata ncha ya pazia ili meno yasigongane, alikumbuka kile kikohozi na akajua jambo ambalo liliumiza kuliko kuogopesha.

Kikohozi kilikuja baada ya kugonga. Mkubwa alikohoa kabla. Kukohoa baada lilikuwa kosa la Mdogo, kosa alilolirudia kila jioni kwa miezi mitatu kwa sababu alikuwa na haraka. Kile kitu hakikuwa kaka yake. Kingekuwa kaka yake, Mdogo angetoka nyuma ya pazia, mfu au si mfu, akamshika miguu na kumwomba msamaha. Kilikuwa kimejifunza kutoka kwa Mdogo mwenyewe.

"Nimechoka," sauti ilisema chumbani, sauti yake mwenyewe aliyoinenepesha. "Tutaongea kesho."

"Haya, baba," mama alisema. "Lakini kaa kidogo."

Na kiti hakikulia tena kwa muda mrefu sana, maana aliyekikalia alitii.

*

Asubuhi yake Mdogo alikaa mbele ya kompyuta bila usingizi machoni. Orodha ikaomba, herufi nyekundu zikajibu: "mkubwa" haina sifa "tarehe". Wiki nzima alikuwa akiuliza kwa nini huyu hana. Leo, kwa sababu ya yale aliyoyasikia nyuma ya pazia, aliuliza swali jingine, swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelianza nalo. Aliiambia mashine: huyu mkubwa umemtoa wapi?

Mashine haina haya. Ilimwandikia njia nzima, na njia haikuishia kwenye folda ya kaka yake. Iliishia kwenye folda yake mwenyewe.

Hapo akakumbuka. Wiki ya kwanza baada ya maziko hakuweza kulifungua faili la Mkubwa, na vile vijineno vyake vya utani kila baada ya mistari kumi. Akafanya wanachofanya mafundi kazi isisimame: aliandika kibadala. Faili dogo, mistari minne, jina lile lile, la kuitika badala ya mwenyewe mpaka utakapopata moyo wa kumwita mwenyewe. Aliliwekea jibu moja tu. Ukiliuliza habari ya mfuko wowote, linasema unafaa. Alijiambia ataliondoa. Kisha akasahau, na wiki tatu zilizopita akahamisha kila kitu kwenda benki ya damu, na kibadala kikaenda nacho.

Kompyuta ikiita jina huanza kutafuta katika chumba ilimo, yaani folda yake. Ikimpata hapo mwenye jina hilo, haisumbuki kwenda mbali kumtafuta mwingine. Mkubwa wa kweli alikuwa na kila kitu, tarehe na yote, lakini alikuwa chumba cha mbali. Wa uongo alikuwa karibu.

Alilifuta faili. Akaomba tena, mashine ikajibu tena kwa herufi nyekundu. Programu iliyokuwa ikiendelea ilikuwa imeshamshika yule wa uongo kichwani, na kumfuta kwenye folda hakukumtoa humo. Ilibidi aizime yote na kuiwasha upya. Ndipo tarehe zikamiminika, na pamoja nazo mifuko kumi na minane yenye alama ya haifai.

Alimpigia Mama Maabara simu kuhusu mifuko. Kisha akampigia shangazi.

"Mtafute yule mkunga," alimwambia.

*

Mkunga alikuwa ameshastaafu, na watu walimwita kwa mambo mawili: watoto waliogoma kutoka na wageni waliogoma kutoka. Alikuja alasiri akiwa na mfuko wa plastiki na miwani. Shangazi alimwandalia chetezo. Akakikataa, akasema moshi ni wa kuwafurahisha wenye nyumba. Aliomba kigoda tu, akakaa mlangoni mwa chumba cha mama. Mama alikuwa kitandani, mikono mapajani. Mdogo na shangazi walisimama nyuma ya mkunga, wameshikana kama watoto.

Kiti kando ya kitanda kilikuwa kitupu, na mto wake ulikuwa umebonyea.

"Wewe uliyekaa," mkunga alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Umetoka wapi?"

Harufu ikapanda. "Nimerudi, mama," kiti kilisema.

Shangazi alitoa mlio mdogo.

"Mimi si mama yako. Nani kakupa jina hilo?"

"Nimeshakula."

"Una nini zaidi ya jina? Taja jina la baba yako. Taja ulipozaliwa. Kohoa unavyokohoa."

Halafu sauti ikaja, na safari hii haikutoka kitini bali kila pembe, kutoka darini, kutoka uvunguni, kutoka nyuma ya shingo zao, nene kuliko Mdogo alivyowahi kuinenepesha: "Nimechoka. Tutaongea kesho. Nimechoka. Tutaongea kesho. Nimechoka."

Umetoka wapi, una nini: yalikuwa maswali yale yale ambayo Mdogo aliiuliza mashine asubuhi.

Mkunga alivua miwani, akamgeukia. "Ana maneno manne tu. Ulimpa wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Huyu hakutoka kaburini. Ndugu yako kapumzika, usimsingizie. Huyu alikuwa anapita njia, akasikia jina linaitwa kila jioni na halina mtu ndani yake. Akaingia. Siwezi kumtoa mtu aliyekaribishwa. Anayemkaribisha ndiye anayetakiwa kujua si mwanawe."

"Usithubutu," shangazi alinong'ona, akamvuta Mdogo shati. "Daktari alisema nini? Utamuua. Mdogo, utamuua mama yako."

Mdogo aliingia. Ilimbidi apite mbele ya kiti, na baridi yake ikamgusa paja. Alipiga magoti upande wa pili wa kitanda. Alikuwa ameitengeneza hotuba nzima njiani, yenye pole na maelezo, na yote ikamkimbia.

"Mama. Mkubwa amekufa. Ana miezi mitatu na siku kumi na moja. Aliyekuwa akigonga ni mimi, na sasa ni huyu."

Alingoja moyo wa mama usimame. Aliutazama mshipa wa shingo yake. Uliendelea kupiga.

"Miezi mitatu na siku kumi na moja," mama alisema. "Nimezihesabu, mwanangu. Mlirudi safari, shangazi yako akaingia jikoni akaanza kuimba. Shangazi yako haimbi. Nikajua siku ile ile."

Shangazi alijikalisha sakafuni pale pale alipokuwa.

"Mama asijue kikohozi cha mwanawe? Nikasema, ngoja, wataniambia nilie. Nikangoja. Kila jioni unakuja unagonga kwa ufunguo, unanitupia maneno manne, unakimbia. Kisha unarudi kuniuliza vidonge. Nimezaa wawili, mmoja kafa, na yule mzima kanifanya sina hata wa kuomboleza naye. Unajua ni kazi gani kuacha kulia miezi mitatu ili watu wasijue kwamba unajua?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Na huyu najua si mwanangu. Ana baridi, ananuka shimo. Lakini nilipomwambia akae, alikaa." Aligeuza uso wake kuelekea kitini. "Wewe hukukaa hata siku moja."

"Mama mwenye nyumba," mkunga alisema kwa upole kutoka mlangoni. "Mwambie."

"Mwanangu amekufa," mama alikiambia kiti. "Wewe si yeye. Nenda."

Kiti kilikwaruza sakafu. Ubonyeo wa mto ukajaa taratibu mpaka mto ukawa sawa. Harufu ilipita kati yao kuelekea ukumbini, mlango wa mbele ukafunguka, na nje kabisa, tayari iko mbali, sauti ilisema: "Lala salama." Ndipo mama akalia. Alilia mpaka majirani wakaja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kulikuwa na msiba nyumbani.

Mkunga alipokuwa akivaa viatu alimvuta Mdogo pembeni. "Nyumba nimeifunga kwa jina la marehemu," alisema. "Halitamfaa tena yule mgeni. Jina jingine ni juu yako."

Mdogo hakumwelewa, akamshukuru.

*

Wiki ya kwanza alikaa. Kila jioni alivuta kile kiti, akamshika mama mkono, wakamzungumzia Mkubwa mpaka mama akasinzia. Alijua mambo ambayo hakuwahi kuyajua: kwamba mguu wa kushoto unamuuma mama mvua ikikaribia, kwamba kaka yake alizaliwa kabla ya siku zake, kwamba yeye Mdogo jina lake halisi lilikuwa la babu aliyekuwa mwoga. Waliucheka huo woga wote wawili.

Wiki ya pili hospitali iliomba programu nyingine, na tangu ile mifuko kumi na minane watu walikuwa wakipitia kazi yake mstari kwa mstari. Sasa alikuwa fundi peke yake. Alirudi amechelewa, akafungua mlango wa mama kiasi cha kichwa.

"Nimerudi, mama."

"Karibu, baba. Umekula?"

"Nimeshakula. Nimechoka, tutaongea kesho."

Alifunga mlango. Hakukisikia alichokisema. Alikisema tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa sauti yake halisi, bila kuigiza mtu, na kiti kilikuwa kando ya kitanda kinangoja.

Siku moja mchana, saa nane, alimpigia shangazi kumwambia asimwekee chakula.

"Leo nitachelewa sana, shangazi."

"Utachelewa kwenda wapi?"

"Kurudi. Niko kazini."

"Mdogo, acha utani wa hivyo." Sauti yake ilianza kupungua. "Si umerudi tangu saa sita? Si uko chumbani na mama? Nimewapelekea chai. Umenishukuru."

Kwenye simu, mbali, nyuma ya pumzi za shangazi, alimsikia mama yake akicheka. Na alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba kama ilivyo, haina haraka, ikimuuliza mama kama mguu wa kushoto bado unamuuma. Mama akajibu. Sauti ikauliza tena, swali refu, la mtu anayetaka kujua, na haikuwa na maneno manne. Ilikuwa na maneno yote aliyoyasema jioni za wiki ile moja, na mengine ambayo hakuwahi kumwambia mama yake maisha yake yote.

Alishuka ngazi mbili mbili. Alikimbia barabarani mchana kweupe, akapita watu waliomsalimu, akafika nyumbani jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Shangazi alikuwa amesimama nje, mikono kichwani. Ukumbi ulinuka udongo mbichi. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa, na aliposhika kitasa hakikushuka.

Aligonga. Mazungumzo ndani yakakatika.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama. Mdogo. Nifungulie."

Kiti kililia kidogo, kama mtu aliyekikalia amejiweka sawa.

"Mdogo yuko hapa amekaa nami," mama alisema. "Wewe umetoka wapi?"